Mwongozo kamili: kukisoma kitabu cha watalii kuhusu Thailand mpaka kikufae mezani, hekaluni na sokoni

Wafanyabiashara wa nguo na vito, wagonjwa na wanaowasindikiza, hata maharusi wanaokwenda kupumzika: wengi wanaosafiri kwenda Bangkok hununua kitabu cha watalii, wakakisoma ndani ya ndege kuanzia ukurasa wa kwanza. Wanatua wakiwa wanajua majina ya mahekalu kumi, lakini hawajui wamwite vipi mhudumu wa mgahawa.

Tatizo ni kwamba vitabu hivi karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya, Marekani au Australia. Vinamwonya kwa kurasa nzima juu ya mambo ambayo wewe ulifunzwa ukiwa mtoto, na vinanyamaza kuhusu yale yatakayokukwaza wewe. Ukikisoma kama kilivyopangwa, utachoka kabla hujafika panapokuhusu. Mwongozo huu unakupa mpangilio mwingine.

## Mahitaji

- Kitabu kimoja cha Thailand nzima, toleo la karibuni kadiri unavyoweza kupata. Kimoja kilichosomwa vizuri kinatosha. Viwili vilivyopekuliwa vitakuchanganya.
- Kijitabu cha maongezi ya Kithai chenye maandishi ya Kithai yenyewe, si herufi za Kilatini pekee. Utayahitaji maandishi hayo ya kumwonyesha mtu kidole pale ulimi utakapokataa.
- Daftari na kalamu za rangi mbili.
- Simu yenye programu ya ramani na ya kutafsiri, pamoja na sauti za Kithai za kusikiliza.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hiki hutakikuta katika orodha ya vitu vya kubeba vitabuni, kwa kuwa Mjerumani anayetoka kwao haombwi. Thailand inakidai kwa wanaotoka katika nchi zilizo kwenye orodha yake ya hatari, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Pale Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok, unapita kwanza dawati la afya, halafu ndipo uende uhamiaji. Usikizike kwenye begi kubwa.

Tenga jioni kadhaa kabla ya safari. Ndani ya ndege kazi hii haifanyiki vizuri.

## Hatua ya 1: Pima umri wa kitabu

Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji na uangalie mwaka. Toa mwaka mmoja zaidi, maana waandishi hutembelea nchi kwanza, kitabu kikachapwa baadaye.

Kisha kijaribu. Tafuta sehemu inayoeleza treni ya kutoka Bangkok kwenda Chiang Mai. Kama inakupeleka stesheni ya Hua Lamphong, kitabu kimepitwa: treni za masafa marefu zilihamia stesheni kuu mpya ya Krung Thep Aphiwat Januari 2023. Tazama pia kinasemaje kuhusu kadi ya kuingilia nchini. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kadi hiyo inajazwa mtandaoni, bila malipo, ndani ya siku tatu kabla ya kuwasili. Jaribio la tatu ni bangi. Juni 2022 iliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya, vitabu vya miaka iliyofuata vikaandika kana kwamba mambo yamekwisha. Juni 2025 serikali ikakaza, maua yake yakawa hayauzwi tena bila maandishi ya daktari.

Kitabu kilichoshindwa majaribio hayo usikitupe. Bei, nauli, visa na sheria zimechakaa, lakini sura za dini, vyakula na adabu za kitabu cha miaka kumi iliyopita bado zinasomeka. Kwa rangi moja weka alama kwenye yanayodumu, kwa nyingine yanayobadilika. Hayo ya pili utayathibitisha kwa ubalozi au tovuti rasmi.

Utajua umemaliza ukiweza kufungua ukurasa wowote na kusema mstari upi unauamini na upi unauhakiki.

## Hatua ya 2: Anza nyuma

Vitabu hivi huweka mbele picha na orodha za sehemu za kutembelea. Mambo ya maana, yaani dini, familia, ufalme na chakula, yamesukumwa nyuma kwa herufi ndogo. Anza huko.

Sababu ni hii. Ukianza na orodha ya "fanya" na "usifanye", utakariri makatazo ishirini na kusahau kumi na tisa. Ukianza na sura ya dini, utaona makatazo mengi yana shina moja: mwili una sehemu ya juu na ya chini, kichwa ndicho kitukufu na nyayo ndizo duni. Humo mnatoka kutomshika mtu kichwani, kutomwelekezea mtu mguu wala kusukuma mlango au kiti kwa mguu, na kutoelekeza nyayo kwenye sanamu ya Buddha unapoketi hekaluni. Humo pia mnatoka mtu kuinama kidogo anapopita mbele ya mzee aliyeketi. Noti iliyokuangukia na kutaka kupeperuka, usiikanyage kuizuia. Ina sura ya mfalme.

Andika shina hilo juu ya ukurasa wa daftari, kisha chini yake orodhesha makatazo yote ya kitabu yanayotokana nalo. Yatakayobaki nje ni machache, na hayo ndiyo ya kukariri.

## Hatua ya 3: Gawa adabu katika safu tatu

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo usipaharakishe.

Chora safu tatu daftarini: tunayafanya tayari, tunayafanya kwa namna nyingine, hatuyafanyi. Pitia sura ya adabu mstari kwa mstari na kila jambo uliweke mahali pake.

Safu ya kwanza itajaa upesi. Kuvua viatu mlangoni, kutompita mkubwa bila salamu, kula pamoja kwa kuchangia vyombo, kutovaa nusu uchi mahali pa ibada: kitabu kinavieleza kana kwamba ni maajabu, wewe vipite. Kupokea kitu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kigasha, heshima inayojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kunaeleweka vizuri Thailand pia. Wao hufanya hivyohivyo wanapompa kitu mkubwa.

Safu ya pili ndiyo yenye hatari, maana jambo linafanana na letu mpaka mtu anajiamini kupita kiasi.

Chukua salamu yao, wai: viganja viwili vimekutanishwa, vidole vikielekea juu, kichwa kimeinama. Kama ilivyo shikamoo, mdogo ndiye anayeanza. Ila shikamoo ina marahaba yake daima. Wai haina hakika hiyo. Mtawa hairudishi, na usimwone ana kiburi. Mhudumu wa hoteli atakupa wai, nawe inatosha kuinamisha kichwa na kutabasamu. Mgeni anayemrudishia kila mtu, hadi mtoto wa muuza maji, hamkosei adabu mtu, ila watu watacheka chinichini. Mikono ikipanda ndivyo heshima inavyozidi: usawa wa kidevu kwa mwenzako, pua kwa mzee, paji la uso kwa mtawa.

Kuna kushikana mikono. Sisi tunaweza kumshika mtu mkono na kuendelea kuuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto bila kuuachia. Usifanye hivyo kwa Mthai uliyekutana naye leo. Bega kwa bega na kugongana viganja baada ya utani navyo viache mpaka mzoeane.

Kuna kupatana bei. Aliyezoea Kariakoo au Gikomba anajua kulalamika kwa sauti, kuondoka kwa hasira za maigizo na kuitwa arudi. Katika masoko ya Bangkok kupunguziana bei kupo, lakini maigizo ya hasira hayasomwi kama maigizo. Sauti ikipanda, mwenzako anaona umemwaibisha mbele za watu, na bei haitashuka tena. Punguza ukitabasamu, taja idadi kubwa unayochukua, halafu nyamaza. Katika maduka ya jumla ya Pratunam, idadi ndiyo inayoshusha bei kuliko maneno.

Safu ya tatu ni fupi lakini kali. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkono kwa mkono. Hukiweka chini au juu ya kitambaa, mtawa akakichukua. Hupandi sanamu ya Buddha kupiga picha, hata iwe gofu. Na humpapasi mtoto kichwani. Hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa. Kwetu ukisifu mtoto mkono unakwenda kichwani wenyewe. Kitabu kimelitaja kwa mstari mmoja kwa sababu mwandishi hakuona kama ni tabia ya wasomaji wake.

Kuhusu mavazi, kanga au kikoi kwenye mkoba kitakusitiri magoti katika mahekalu mengi. Kwa Grand Palace, ikulu ya kifalme ya Bangkok, usitegemee kujifunga shuka mlangoni. Vaa kabisa suruali ndefu au sketi ndefu na nguo yenye mikono, maana walinzi pale hukagua.

Utajua umefaulu ukiona safu ya pili ndiyo ndefu kuliko zote. Kama ya tatu ndiyo ndefu, bado unasoma kwa macho ya msomaji wa Ulaya.

## Hatua ya 4: Jifunze chakula kwa mfumo

Sura ya chakula huwa na orodha ya majina mengi kwa mpangilio wa alfabeti. Usiikariri. Majina ya vyakula vya Kithai yanajengwa kwa vipande, nawe jifunze vipande.

Kwanza namna ya kupika: *phat* ni kukaanga kwa kugeuzageuza katika kikaango cha moto mkali, *thot* kukaanga kwa mafuta mengi, *yang* kuchoma, *tom* kuchemsha au supu, *kaeng* mchuzi, *yam* mchanganyiko mchachu wa ndimu na pilipili. Pili kinachopikwa: *kai* kuku, *nuea* ng'ombe, *pla* samaki, *kung* kamba, *mu* nguruwe. Tatu *khao*, wali. Sasa unganisha. *Kai yang* ni kuku choma. *Khao phat kung* ni wali wa kukaanga kwa kamba. Kwa maneno haya machache unaweza kusoma sehemu kubwa ya menyu yoyote iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini.

Baada ya hapo chora ramani ya kanda nne. Kati kuna michuzi ya tui la nazi. Kaskazini, kule Chiang Mai, kuna *khao soi*, tambi katika mchuzi wa nazi, juu zimemwagiwa tambi za kukaanga. Kaskazini-mashariki, Isan, ni nyumbani kwa wali wa kunata na *som tam*, kachumbari ya papai bichi inayotwangwa kinuni na ndimu, pilipili na sosi ya samaki. Kusini ndiko pilipili haina huruma, na mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat ina Waislamu wengi.

Namna ya kula. Kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto. Uma unasukuma chakula kwenye kijiko, hauingii mdomoni. Kisu hukioni, kwa kuwa nyama imekatwa jikoni. Vijiti ni vya tambi za supu. Ukiviomba kwa ajili ya wali utaletewa, pamoja na tabasamu. Wali wa kunata wa Isan huliwa kwa mkono: unamega donge dogo, unalibonyeza, unachovya. Aliyekulia kwenye ugali hahitaji somo, ingawa kitabu kimelitolea aya nzima. Vyombo vya kitoweo vikiwa katikati, chukua kijiko kimoja au viwili, ule, urudi. Kujaza sahani yako mara moja kwa kila kitoweo ni utovu wa adabu.

Mezani kwa muuza tambi utakuta kikapu chenye vichupa vinne: sukari, pilipili ya unga, sosi ya samaki na siki yenye vipande vya pilipili. Bakuli huja likiwa na ladha ya katikati kwa makusudi. Onja mchuzi kwanza, tia nusu kijiko cha hiki, kidogo cha kile, koroga, onja tena. Mpishi haoni amedharauliwa. Asiyetia chochote ndiye anayejulikana kuwa ni mgeni.

Onyo kwa wasiokula nguruwe. Vitabu hukufundisha kusema *mai sai mu*, usitie nguruwe, vikaishia hapo. Haitoshi. Supu ya tambi inaweza kuwa ya mifupa yake, kikaango ni kilekile, mafuta pengine ni yake, na supu iitwayo "tambi za mashua" hutiwa damu. Tafuta migahawa iliyoandikwa *ahan islam*, au alama ya halali yenye umbo la almasi inayotolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Agiza *khao mok kai*: wali wa manjano na kuku, ndugu wa biriani yetu, na Waislamu wa Bangkok wanaupika vizuri sana. Jirani na msikiti wa Haroon, mtaa wa Bang Rak, na Sukhumvit Soi 3 (*soi* ni kichochoro) ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ukionyeshwa menyu usiyowahi kuiona, ukakisia vyakula vitano na kupatia vitatu, endelea mbele.

## Hatua ya 5: Sahihisha matamshi ya kitabu

Herufi za Kilatini kwa Kithai hupotosha, na humpotosha Mswahili kwa namna yake. *Th* si ile ya "thamani", ni *t* yenye pumzi. *Ph* si *f*: Phuket ni "Puket". *Kh* si ya "Khamisi", ni *k* yenye pumzi.

Pumzi hiyo si pambo. *Phet* yenye pumzi ni kali ya pilipili. *Pet* bila pumzi ni bata. *Khai* ni yai, *kai* ni kuku. Ukitaka kusema *mai phet*, "isiwe kali", puliza. Wenyeji wa Mombasa wanaotofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi wana ulimi huu tayari. Wengine waweke kiganja mbele ya mdomo: kwa *phet* usikie upepo, kwa *pet* usisikie.

Kithai kina toni tano, na kitabu hakiwezi kukupa hata moja. Kwa hizo sikiliza sauti kwenye simu, rudia, na ubaki na maneno machache unayoyasema sawasawa. Mwisho wa sentensi mwanamume aongeze *khrap*, mwanamke *kha*. Mhudumu mdogo kwako mwite *nong*, mkubwa *phi*, kama tunavyoita watu dada na kaka bila kuwa ndugu. Kwenye biashara tanguliza *khun* mbele ya jina la kwanza, si la ukoo.

## Hatua ya 6: Saa na kalenda

Vitabu huwatesa Wazungu kwa mfumo wa saa sita sita wa Kithai. Jioni wewe uko nyumbani: *song thum* ni saa mbili usiku, ileile ya kwetu, na *ha thum* ni saa tano usiku. Ila usijisahau. Baada ya usiku wa manane hesabu huanza upya, saa saba yetu ikawa ya kwanza kwao. Alasiri vilevile: *bai song* ni saa nane.

Mwaka wao unatangulia kwa 543, kwa hiyo 2025 ni 2568. Ukikuta tarehe ya kuisha ya dawa au maziwa ni ya karne nyingine, toa 543. Andika pia Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, tarehe 13 hadi 15 Aprili. Barabarani utamwagiwa maji upende usipende, na maduka mengi ya familia hufungwa. Mnunuzi wa bidhaa asipange safari yake hapo.

## Hatua ya 7: Tenganisha adabu na sheria

Kitabu huchanganya "si vizuri" na "utafungwa" katika ukurasa mmoja. Vitenge. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumtukana mfalme, malkia, mrithi au kaimu wao kwa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na maneno ya mtandaoni yamo. Utani wa kundi la WhatsApp uache nyumbani. Sigara za kielektroniki ni marufuku. Sanamu ya Buddha ya kutoka nayo nchini inahitaji kibali cha Idara ya Sanaa.

Wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni vituoni na bustanini, simama kama wanavyosimama walio karibu nawe.

## Hatua ya 8: Siku mbili za kwanza, kikague kitabu

Asubuhi ya kwanza keti kwa muuza tambi penye watu, uagize, utazame meza ya jirani. Nani amesalimu kwanza? Nani amelipa? Mara nyingi ni mkubwa au aliyealika. Palipo tofauti na kitabu, andika pambizoni kwa kalamu.

Siku ya pili nenda hekaluni. Wat Pho inafaa kwa mazoezi: viatu, mabega, namna ya kuketi, na sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46 inayokulazimisha ukumbuke miguu yako iko wapi. Njiani mtu mwenye sura ya heshima anaweza kukuambia Grand Palace imefungwa leo, na dereva wa tuk-tuk aliye karibu atakupeleka bei poa kwenye duka la vito lenye punguzo la serikali. Vitabu vimeonya juu ya utapeli huu miaka mingi na bado watu wanaliwa. Ikulu hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kupokea wageni hadi saa tisa na nusu alasiri. Tembea mpaka langoni ukaone mwenyewe.

Ukiteleza mahali, toa wai, sema *kho thot khrap* au *kho thot kha*, tabasamu, uendelee. Kuomba radhi kwa kirefu na kwa sauti kunamwaibisha uliyemkosea mara ya pili.